Usione Vyazunguka, Vimeundwa

Ndugu msomaji, yapo mambo mawili ambayo jicho peke yake haliwezi kuyaamua: tabia ya mtu na asili ya kipuri. Yote mawili hupendeza wakati wa utulivu. Ukweli wake hudhihirika motoni. Leo napenda kukusimulia habari za kipande kidogo, kinachoenea kiganjani, ambacho nusura kiwafarakanishe mama na mwanawe katika ukoo wetu. Kipande hicho ni gurudumu la tabini lililomo katika tabo ya gari.

Mpwa wangu anayo Toyota kuukuu yenye injini ya 1JZ-GTE, ile ya mwanzo yenye tabo mbili, iliyotumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Tabo moja ilipochoka, muuza vipuri alimwonyesha nyingine iliyokwisha kutumika, akamwapia kuwa gurudumu lake ni chuma kitupu, na kwamba aweza kuongeza shinikizo la hewa atakavyo. Fedha za kuinunua zilikuwa za dada yangu, alizozidunduliza kwa biashara ya vitumbua. Kijana alitaka mwendo. Mama alitaka kujua jasho lake linakwenda wapi. Nikaitwa niamue, nami nikamwita fundi mmoja mzee wa mtaani petu.

Tabo si jambo jipya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiombea hataza mwaka 1905. Moshi utokao katika injini husukuma gurudumu la tabini. Nalo, kwa shafti moja, huzungusha gurudumu la pili linaloshindilia hewa ndani ya injini, mizunguko zaidi ya 100,000 kwa dakika. Gurudumu la hewa aghalabu ni la alumini. Lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, hali moshi wa injini ya petroli waweza kufikia nyuzi 950. Kwa hiyo upande wa moshi wahitaji kitu kingine.

Kitu hicho ni cha namna nyingi, ila tatu ndizo zenye kutatanisha. Ya kwanza na iliyoenea ni aloi ya nikeli, kama Inconel 713C, ambayo karibu robo tatu yake ni nikeli, pamoja na kromi, alumini na molibdeni. Ya pili ni kauri, yaani nitridi ya silikoni, ambayo Nissan waliitia katika magari yao mwaka 1985. Ni nyepesi, hushika kasi upesi, lakini huvunjika kama sahani. Ya tatu ni mchanganyiko wa titani na alumini, ambao Mitsubishi waliutumia katika Lancer Evolution VI mwaka 1999.

Mzee alianza kwa kutafuta namba katika kibati cha tabo, ilikwisha kufutika. Kijana akaleta sumaku. Iling'ang'ania shafti, ikaliacha gurudumu. "Unaona, Mjomba? Si chuma cha kawaida, ni aloi!" Mzee akatabasamu. Sumaku hailinasi lolote kati ya hayo matatu, akasema. Basi haikuamua neno. Angeliweza kulipima uzito majini, kwani kwa ujazo ule ule aloi ya nikeli huzidi mara mbili uzito wa kauri. Lakini gurudumu lilikuwa limeungwa na shafti. Akalisafisha masizi, maana masizi hupitisha umeme, kisha akachukua betri na balbu. Waya ulipogusa shafti pande mbili, taa iliwaka. Ulipogusa panga la gurudumu, taa haikuwaka. Metali hupitisha umeme, kauri haipitishi.

Kijana aliinama. Mama akasema polepole, "Kumbe ni sahani, si sufuria."

Laiti shinikizo lingepandishwa kupita kiwango cha kiwanda, mapanga yale yangeweza kupasuka na vipande vikaingia katika ekzosi, na fedha ya vitumbua ingetoka pamoja na moshi. Tabo ilinunuliwa kwa bei iliyopunguzwa, na shinikizo likaachwa lilivyo. Mama na mwana walikula pamoja usiku ule.

Ndugu msomaji, kauri haina aibu. Kwa kazi iliyoundiwa, ni hodari sana. Ubaya ni kuiita chuma, kisha kuitwisha mzigo wa chuma. Nasi majumbani mwetu twafanya hivyo mara nyingi: mtoto mwepesi wa kushika twamlazimisha awe mvumilivu wa vishindo, na mvumilivu twamlaumu kwa uzito wake. Kabla ya kuongeza shinikizo, chukua taa yako, ugusa taratibu, na ujue mkononi mwako umeshika nini.