Waridi la Jangwa: Ua Zuri, Utomvu wa Sumu

Msafiri atokaye Isiolo kwenda Marsabit, kaskazini mwa Kenya, hupita katika nchi kavu ya mawe na miiba. Wakati wa kiangazi huenda akaona maua ya rangi ya waridi yamechanua juu ya shina nene lisilo na jani hata moja. Hilo ndilo waridi la jangwa, ambalo wataalamu huliita Adenium.

Jina hilo latokana na mji wa Aden, kwani mmea huu huota Arabuni pia. Forsskål, mtaalamu aliyefariki Yemen mwaka 1763, aliueleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1775.

Shina lake limevimba mithili ya chupa. Humo ndimo mmea uwekamo akiba ya maji. Mvua ikikatika, hupukutisha majani ili maji yasipotee. Mbegu zake zina vishungi vya nywele pande zote mbili, nazo huchukuliwa na upepo.

Lakini, ndugu msomaji, maji hayo si ya kunywa. Utomvu wake una sumu ivurugayo mapigo ya moyo. Tangu kale wawindaji waliuchemsha na kuupaka mishale. Askari aliyeishiwa maji porini asilikate shina hilo kwa sababu ya kiu.

Majumbani nako mmea huu hupandwa vyunguni kwa urembo. Uwekwe mbali na watoto na mbuzi, na akataye tawi anawe mikono kwa sabuni. Mtoto akitafuna jani, usingoje dalili: mpeleke hospitali mara moja.