Upendo Usio na Sharti

Lugha yetu haina uhaba wa maneno ya kupendana. Tunayo mapenzi, mahaba, huba, huruma, hisani na fadhili, na kila neno lina mahali pake. Mahaba ni ya wapendanao wawili. Hisani hutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho. Katika Biblia ya Kiswahili neno "mapenzi" mara nyingi lina maana ya matakwa, na neno "upendo" ndilo lililotwishwa mzigo mkubwa zaidi: kutaja jinsi Mungu anavyomkubali mwanadamu kabla mwanadamu hajastahili. Katika makala haya napenda kuuliza kama sisi tulitumiao neno hilo kila Jumapili tunaubeba mzigo wake.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika mtaa wa Kakoba, mjini Mbarara. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima: wachuuzi na mafundi wenyeji wa Ankole, pamoja na wakimbizi watokao Nakivale, wilayani Isingiro, ambao huja mjini kutafuta riziki. Siku moja somo letu lilikuwa sentensi za sharti. Nilitaka kila mmoja atunge sentensi kwa kitenzi "penda". Zilitungwa upesi sana: "Ukinipenda nitakupenda." "Akinilipa deni langu nitampenda." Mmoja akasema, "Angekuwa mtu wa kwetu ningempenda." Sarufi yake ilikuwa safi, lakini darasa lilinyamaza, kwa maana si wote tuliokaa pale tulikuwa watu wa kwao. Ndipo mama mmoja Mkongomani aliponena kwa upole: "Mwalimu, mimi nina sentensi isiyo na -ki- wala -nge-. Nampenda mtoto huyu, ijapokuwa baba yake aliwafuata waliochoma kijiji chetu." Mtoto aliyemtaja alikuwa yatima aliyemwokota njiani wakati wa kukimbia, akamlea pamoja na wanawe. Sikuwa na la kusahihisha.

Tangu hapo nimekuwa nikiutafakari ule "ijapokuwa". Wahenga walituachia pande zote mbili za jambo hili. Walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii si ya uchoyo, kwani kumpa mtu jembe ni kumheshimu kuwa anaweza kujilisha. Nakivale yenyewe, iliyotambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960 baada ya machafuko ya Rwanda ya 1959, imejengwa juu ya desturi hiyo: mgeni hupewa kipande cha ardhi alime. Leo wamo humo zaidi ya watu laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Hata hivyo methali hiyo inahesabu siku. Methali nyingine haihesabu: "Tenda wema, nenda zako." Hapo hapana siku ya tatu, wala shukrani haingojwi. Nadhani upendo wa Kikristo unakaa karibu zaidi na methali hii ya pili.

Kwamba jambo hili si la maneno matupu, historia ya eneo letu inashuhudia. Ankole na Kigezi zilipokea kwa nguvu ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930. Wengi waliungama dhambi hadharani wakaitana ndugu. Lakini Oktoba 1982, wakati wa utawala wa pili wa Milton Obote, makumi ya maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa majumbani mwao katika wilaya ya Mbarara. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine wakakimbilia Nakivale na Oruchinga. Hiyo ilikuwa nchi ya watu waliobatizwa. Undugu wao ulikuwa na sharti lililofichika: uwe ndugu yangu iwapo asili yako ni yangu. Siku ilipofika, sharti lilijitokeza na undugu ukaondoka.

Kwa upande mwingine tunaye Festo Kivengere, ambaye walimu wa Kiswahili wana haki ya kujivunia. Kabla ya kuwa Askofu wa Kigezi mwaka 1972, alifundisha shule huko Dodoma, na mwaka 1960 alimfasiria Billy Graham kwa Kiswahili huko Tanganyika. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere naye alitafutwa, akavuka milima kwa miguu pamoja na mkewe hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Nampenda Idi Amin". Wako waliokasirika, na hasira yao yaeleweka.

Je, kumpenda hivyo ni kuufunika uovu? La hasha! Maaskofu haohao walikuwa wamemwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu, na Luwum aliilipia kwa roho yake. Upendo usio na sharti haumwambii mwovu kwamba ametenda vyema. Humwambia kweli, humzuia akiweza kuzuiwa, lakini haungoji atubu ndipo umtakie mema. Kusamehe na kunyamaza ni mambo mawili.

Lugha yetu nayo imeonja msamaha wa namna hiyo. Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na Waganda wengi waliisikia kwa hofu vinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Hata sasa wazee kadhaa wa Kakoba huisikia wakashtuka. Lakini Nakivale lugha hiyohiyo ndiyo anayoitumia Mrundi kumpa pole jirani yake Mkongomani aliyefiwa. Mwaka 2020 mgao wa chakula ulipopunguzwa kwa asilimia 30, niliwaona majirani wasio na kabila moja wakigawana unga kwa kikombe, na neno lililopitishwa pamoja na kile kikombe lilikuwa la Kiswahili: "Karibu."

Ndugu walimu, tutaendelea kufundisha -ki-, -nge- na -ngali-, kwa kuwa bila sharti biashara haiendi wala mikataba haiandikwi. Ila tusimalize somo hilo bila kuwafundisha wanafunzi wetu "ijapokuwa". Na sisi tulio Wakristo, kabla hatujaitia neno hilo ubaoni, tujiulize ni jina la nani tungeliweka baada yake.