Uchungu wa Ugenini

Mwanamke wa Kiunguja aliyeshika mimba London huanza kwa kutafuta daktari, na daktari hampati. Katika huduma ya afya ya Uingereza, iliyoasisiwa mwaka 1948, mja mzito asiye na maradhi hukabidhiwa mkunga. Daktari huitwa penye tatizo. Kwa aliyedhani kwamba mambo ya wakunga ameyaacha ng'ambo ya bahari, hilo humwingia vibaya.

Kinachobaki kuchaguliwa ni pahala. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2011, uliofuatia uzazi wa wanawake zaidi ya 64,000 wasio na hatari mahsusi, ulionesha kwamba vituo vya wakunga havikumzidishia mtoto hatari. Kuzalia nyumbani, kwa mzazi wa mwanzo, kuliizidisha kidogo. Basi kwa mimba ya mwanzo, na mama mzazi yu mbali, kituo kilicho ubavuni mwa hospitali ndicho bora.

Yako na mengine ya kuuliza kabla. Atahudumiwa na mwanamke? Zalio atapewa? (Aghalabu hupewa akilitaka, taabu ni udongo wa kulizikia, kwa akaaye ghorofa ya tisa.) Na mkalimani je? Huletwa bila ya malipo, wala mume hafai kushika nafasi hiyo, kwani yapo ambayo mke hayatamki mbele yake. Isitoshe, uchungu ni wa shubiri, ni wa msiba, na ni wa kuzaa. Mkalimani wa kwenye simu, asiyemwona anayesema, hutakiwa achague mmoja papo hapo.