Mazishi ya Watu Wachache

Januari 19, 2009 ilitimia miaka 200 tangu azaliwe Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyeandika hadithi za kutisha. Sisi tunaosali kwa Kiswahili hapa Baltimore hatukuwa tukimjua sana, lakini mwaka ule magazeti na televisheni havikutuacha. Posta ilitoa stempu yenye sura yake. Boston alikozaliwa, Philadelphia alikoandika mengi, na Baltimore alikozikwa, kila mji ulidai ni wake, kama ndugu wanaogombea shamba.

Waandishi wa habari walipenda zaidi habari za mgeni asiyejulikana, ambaye kwa miaka mingi alifika kaburini usiku wa siku hiyo ya kuzaliwa, akaacha mawaridi matatu na chupa ya konyaki iliyonywewa nusu. Mwaka 2010 hakuja, na kutokuja kwake kukawa habari. (Sisi tukicheza ibada mwezi mzima, hakuna gazeti linalouliza.)

Wapo washirika wenzetu wasiotaka hadithi za namna hiyo nyumbani mwao, na hatubishani nao. Lakini mama yake Poe alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 24, mtoto hajatimiza mitatu. Mkewe naye alikufa kwa ugonjwa huohuo, naye akiwa na miaka 24. Mtu wa namna hiyo akiandika juu ya makaburi, hatuwezi kusema anacheza.

Katika habari zote hizo, tulichokishika sisi ni jambo lililopewa mistari michache tu. Poe alipozikwa Oktoba 1849, waliofika hawakutimia kumi. Mchungaji, aliyekuwa ndugu wa marehemu mkewe, alipoona watu ni wachache hivyo aliacha kuhubiri. Ibada ikaisha kwa dakika chache.

Oktoba 2009 mji ukamfanyia mazishi mapya, ndani ya jengo lililokuwa kanisa, kando ya kaburi lake. Safari hii watu walijaa, na waigizaji wakasimama kumsifu. Baadhi yetu waliona ni mzaha juu ya kifo. Sisi wengine tuliona ni deni linalolipwa, ingawa aliyedai hayupo.

Mazishi ya watu wachache tunayajua. Majira ya baridi yaliyofuata tulimzika ndugu yetu mmoja kutoka Bukavu, asiye na jamaa hapa. Ilikuwa siku ya kazi, theluji imeganda, nasi tulikuwa saba. Mchimba kaburi alisubiri kando ya mashine yake. Mchungaji wetu hakutazama idadi wala saa. Alihubiri mahubiri mazima, kwa sauti ileile ya Jumapili, na katikati yake yule mchimba kaburi, asiyejua neno la Kiswahili, akazima mashine na kuvua kofia.

Mmoja wetu alirekodi kwa simu, tukampelekea mama wa marehemu. Alipopiga, hakuuliza tulikuwa wangapi. "Wanangu," alisema, "huyo aliyeimba sauti nzito ni nani? Nitajieni majina yenu wote, polepole, niyaandikishe."

Tukamtajia. La nane hatukulijua, tukamwambia tu kwamba alivua kofia.