Miwani ya Barabarani



Kutoka parokiani hadi kigango chetu cha mbali ni kilometa 18 za vumbi, nasi huziendea kwa baiskeli. Juma lililopita, tukiteremka mlima, mdudu alituingia jicho la kushoto. Nusura tuishie mtaroni pamoja na mkoba wa Misa. Jicho lilivimba siku 3.

Mpwa wetu asomaye Italia alipopata habari aliahidi kutuletea miwani ya Oakley. Tukamwuliza bei: ingetosha kununua baiskeli nzima, na chenji ibaki. Tukiri kwamba tuliitamani. Miwani ya namna hiyo haipindishi taswira, mpira wake wa puani hautelezi kwa jasho, na kioo kikichakaa hubadilishwa peke yake. Hizo ni sifa za kweli.

Tuliyokuwa nayo sisi ilitoka mnadani kwa shilingi 3,000, nyeusi tii, isiyo na alama yoyote. Tulidhani weusi ndio kinga. Kumbe mboni hupanuka penye giza. Kioo cheusi kisichozuia mionzi ya urujuanimno hufungua mlango, kisha humwacha mwizi apite. Ya kutafutwa ni alama ya UV400, yaani kuzuia mionzi hiyo hadi nanomita 400, ingawa karatasi ya alama yeyote aweza kuibandika. Jua, vumbi na upepo wa miaka mingi huhusishwa na kile kinyama kiotacho juu ya jicho. Katekista wetu mzee anacho, nacho kimekaribia mboni.

Jibu tulilikuta katika duka la vifaa vya ujenzi: miwani ya mafundi, ya polikaboneti, yenye alama ya EN 166. Polikaboneti kwa asili yake huzuia karibu mionzi yote hiyo hata ikiwa nyeupe kabisa, na ikigongwa na jiwe haipasuki ovyo. Tulinunua 5, yetu na za makatekista. Ila hukwaruzika upesi: isuuzwe kwa maji kwanza, isifutwe vumbi kwa pindo la kanzu, kosa tulilokwisha kulifanya. Tena huingia ukungu mtu akipanda mlima polepole, na jua la saa 7 bado huumiza.

Mpwa tumemwandikia asilete. Makatekista wanne wamezipokea kwa furaha, isipokuwa yule mzee, ambaye ndiye tuliyemfikiria kwanza. Asema akionekana nayo kijijini, watu watamletea mageti ya kuchomelea. Jumapili tutamwendea tena, sisi tukiwa tumeivaa.