Safari ya Punda Watatu

Barua ya uhamisho ilinikuta Migori, ikiniamuru nifike kazini Lamu kabla ya mwisho wa mwezi. Vyombo vyangu vingine havikustahili gharama ya kuvuka nchi nzima mpaka baharini, basi nikakata shauri kuvipeleka kwa kaka yangu karibu na Homa Bay. Baba yangu mdogo, ambaye hapendi magari, akasema tupakie punda. Jamaa wakamcheka, maana kwa barabara ya Rongo ni safari ya asubuhi moja tu. Sisi tulikwenda siku nne, watu watano na punda watatu, tukifuata njia ya magharibi, kwa kuwa mzee alitaka niione Thimlich Ohinga kabla sijaondoka.

Mzigo mzito kuliko yote ulikuwa jiwe la kusagia la marehemu mama. Siku ya pili punda aliyelibeba akatoka kidonda mgongoni, ikatubidi tulichukue wenyewe kwa zamu. Naona haya kukiri kwamba nilipofikiwa na zamu yangu nilitamani kulitupa kichakani.

Tulifika Thimlich jua likiwa utosini. Kuta zile zimepangwa jiwe juu ya jiwe pasipo udongo wala chokaa, na mahali pengine zapita kimo cha watu wawili. Milango ni mifupi hata mgeni sharti ainame. Zimesimama hivyo zaidi ya miaka 400, na mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziandika katika orodha ya urithi wa dunia. Mlinzi alitueleza kuwa watu wa makabila mbalimbali, Wabantu na Wajaluo, walikaa humo wakipokezana. Hawa wakihama, wale wakiingia na kuzitengeneza kuta.

"Waliozijenga kwanza walisema lugha gani?" mzee akauliza.

Mlinzi akajibu kwamba hakuna ajuaye kwa hakika. Mzee akanyamaza. Nilidhani amechoka.

Nilipenda kuteremka bonde la Lambwe nikawaone korongo, wanyama wasiopatikana penginepo katika Kenya, lakini mwenye punda akakataa kabisa kwa kuwaogopa mbung'o. Tukashika njia ya Ndhiwa, tukalala kandokando ya mashamba ya miwa. Hapo ndipo mzee alipolitoa lililokuwa moyoni.

"Mwanangu, watoto wako huko baharini watasema lugha gani?"

"Kiswahili, baba."

"Nami nikija kuwatazama?"

Mzee hana Kiswahili ila cha kununulia chumvi. Nikasema nitawafundisha Kijaluo.

"Wewe hushinda ofisini, na mama yao ni Mkuria. Utawafundisha saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, wala leo sina.

Siku ya nne tukakiona kilima cha Asego, na ziwa likimeta nyuma yake. Mzee hakuwa amesema neno tangu alfajiri. Mara akaniuliza mtoto wa pwani humwamkiaje mkubwa wake. Nikamwambia kwamba mtoto husema shikamoo, na mzee huitikia marahaba. Akalijaribu neno lile, likamkwama ulimini, akalirudia. Mpaka tunaingia mjini, kila mtu tuliyekutana naye njiani alipewa marahaba yake kabla hajafungua kinywa, na punda wakapewa yao.