Gitaa Lililochomwa

Wasomaji wapenzi, mimi ni mzee sasa, na mzee akikaa barazani jioni hukumbuka mambo mengi. Mengine huyasema, mengine huyameza. Leo nataka kuwaambia jambo moja nililolimeza kwa miaka zaidi ya arobaini. Ni habari ya gitaa, na ya kaka yangu, na ya muziki wa Katanga jinsi tulivyoujua sisi watu wa Pweto.

Anayeijua Pweto anajua kuwa mji wetu uko upande wa kaskazini wa ziwa Mweru, pale mto Luvua unapotoka ziwani. Mpaka wa Zambia uko karibu. Kazi yetu tangu mababu ni samaki. Zamani za Wabelgiji malori yalikuja kuchukua samaki wakavu na kuwapeleka Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, maana huko wafanyakazi wa shaba walikuwa maelfu na walihitaji kitoweo. Malori yalikwenda na samaki, yakarudi na sabuni, nguo, na santuri.

Mfanyabiashara mmoja wa samaki alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Siku za Jumamosi aliiweka mlangoni pa duka, nasi watoto tulisimama pale mpaka miguu ikachoka. Sauti iliyotushika kuliko zote ilikuwa ya Mwenda Jean Bosco. Huyu alizaliwa mwaka 1930, mtu wa Bayeke, watu wa Bunkeya. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akanasa nyimbo zake. Santuri zake zikaenea mpaka Kenya na nchi za kusini. Alipiga gitaa kwa vidole viwili tu: kidole gumba kilishika sauti za chini, cha shahada kikacheza juu. Aliyesikia bila kuona alidhani ni watu wawili.

Tulimsikia pia Masengo Edouard, na tulisikia habari za JECOKE, vijana wachekeshaji na wachezaji wa mtaa wa Kenya huko Elisabethville. Wala msidhani ni nchi ya Kenya; ni mtaa wa wafanyakazi. Watu hawa waliimba Kiswahili chetu, na mambo yao yalikuwa yetu: mke, mshahara, safari, deni, kifo. Kwa hiyo mvuvi wa Pweto hakuhitaji mtu wa kumfasiria.

Basi yaya wangu, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa huku kwetu, akashikwa na ugonjwa wa gitaa. Mwaka ule wa 1959 yeye alikuwa na miaka kumi na mitano, mimi tisa. Alichukua kopo la mafuta, akalitoboa tundu, akachonga shingo ya mti, akafumua waya za breki za baiskeli iliyokufa, zikawa nyuzi. Kwa mwezi mzima lilitoa sauti kama mbuzi anayekohoa. Halafu siku moja nilisimama nyuma ya nyumba nikasikia kidole gumba kikitembea na kidole kingine kikijibu. Nilitetemeka.

Hakuiga santuri tu. Alitunga nyimbo za ziwani. Moja ilikuwa ya mvuvi anayehesabu samaki zake, na kila akihesabu anaona amepungua mmoja, yule aliyemwahidi mama mkwe. Wavuvi walicheka mpaka machozi. Walianza kumwita jioni kwenye kambi yao, awapigie wakati wa kutengeneza nyavu.

Baba yetu alikuwa katekista. Alikuwa mtu mwema, aliyetembea vijiji kwa miguu akifundisha sala. Lakini gitaa alilichukia. Kwake gitaa na pombe vilikuwa mapacha, na kwa kweli mara nyingi alikuwa amevikuta pamoja. Alimwambia yaya: "Piga hapa nyumbani mchana, lakini siku nitakaposikia umelipeleka penye pombe, litaingia motoni."

Jioni moja yaya alikuwa akienda kwa wavuvi. Nikaomba kumfuata. Akasema hapana, rudi nyumbani, wewe mdogo. Nilimfuata kwa siri, nikakaa nyuma ya mtumbwi, nikaona yote. Watu walishona nyavu, yaya akapiga, moto ukawaka. Hapakuwa na kibuyu wala chupa. Lakini moyo wangu ulikuwa umejaa wivu, nikarudi mbio nikamwambia baba: "Yaya anapiga gitaa penye pombe. Nimeiona kwa macho yangu."

Yaya aliporudi baba alikuwa amesimama mlangoni. Alimvuta karibu, uso kwa uso, akakaa kimya kidogo. Halafu akachukua gitaa mkononi mwake, akaliweka motoni. Mama alipika bukari juu ya moto ule ule. Yaya hakula. Shingo ya mti iliungua upesi; kopo likabaki jeusi, kesho yake likatupwa jalalani. Mwezi haukwisha, yaya akapanda lori la samaki akaenda Elisabethville, wala hakuaga.

Ndugu wasomaji, mambo ya dunia hugeuka. Mwaka 1958, mwaka mmoja kabla ya moto ule, kule Kamina katika Katanga hii hii, Padri Guido Haazen, Mfransiskani kutoka Ubelgiji, alikuwa amekwisha kuimbisha watoto na walimu Misa kwa sauti za Kiluba na kwa ngoma. Ndiyo Missa Luba, na mwaka ule ule waliiimba hata Ulaya. Sisi Pweto hatukuwa na habari. Halafu tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturjia, ukasema kuwa muziki wa mataifa katika nchi za misioni upewe heshima na mahali pake. Ngoma ikaingia kanisani. Baadaye likaingia na gitaa. Na nani alikuwa mwalimu wa kwaya siku gitaa lilipoingia kanisani kwetu? Ni mimi, mchongezi. Watu walipiga makofi. Mimi niliona kopo jeusi.

Tena nilikuja kujifunza kwamba Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye mpiga gitaa wetu mkubwa alichukua jina lake, alikuwa mpenda muziki. Alipokuwa kijana alivuta watoto wenzake kwa michezo ya kiini macho na nyimbo, na katika nyumba zake za vijana hakutaka muziki ukosekane. Nilimsimulia baba habari hiyo alipokuwa mzee. Hakujibu neno.

Miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya bendi kubwa, zenye tarumbeta na magitaa ya umeme. Wanamuziki wengi wa Katanga hawakufuata njia ya Kinshasa, walifuata ya mashariki, kwa sababu Kiswahili kiliwafungulia milango. Baba Gaston, mzaliwa wa Likasi, alihamia Dar es Salaam mwaka 1971, kisha Nairobi mwaka 1975. Mwaka uliofuata baadhi ya vijana wake walimwacha wakaanzisha Les Mangelepa. Maquis du Zaire, waliokuwa na asili yao Kamina, wakapendwa sana Dar es Salaam. Usiku niliweka sikio kwenye redio, na kila gitaa la Kikatanga liliposikika nilisema: labda huyu ndiye.

Kumbe hakuwa yeye. Yaya alikuwa anafanya kazi ya mgodi. Gitaa alilipiga Jumapili tu, uani, pamoja na jirani zake, wala hakuingia bendi yenye jina. Hakuna mtu aliyemnasa sauti. Katika miaka ya 1990 kazi ya migodi ilipoanguka na mishahara ikakoma, alirudi Pweto na sanduku moja na nywele nyeupe. Baba alikuwa amekwisha kufa. Tulisalimiana vizuri, tukaishi vizuri, lakini habari ya gitaa haikutajwa.

Desemba ya mwaka 2000 vita vilifika Pweto. Watu wakakimbilia Zambia kwa maelfu, nasi tukiwa miongoni mwao, tukapelekwa kambini. Huko tulipewa unga, maharagwe na mafuta ya kupikia katika makopo. Kopo la kwanza lilipokwisha, yaya alilichukua, akaligeuzageuza mkononi, akalitoboa tundu. Nilimwangalia nikajua anafanya nini. Waya za breki alizipata. Jioni watoto wa kambi, waliokuwa wakilia kila usiku kwa ndoto za bunduki, walikaa mbele yake, naye akaanza ule wimbo wa mvuvi anayehesabu samaki zake. Watoto wakacheka. Tangu tulipotoka Pweto nilikuwa sijasikia kicheko.

Usiku ule nilipiga magoti mbele yake ndani ya hema. Nikasema: "Yaya, mwaka ule wa 1959 sikuiona pombe. Nilisema uongo."

Akakaa kimya. Halafu akasema: "Najua. Na baba alijua."

Nikauliza alijuaje.

"Hukumbuka alivyonivuta karibu? Alininusa kinywa. Alijua sikunywa kitu."

"Kwa nini basi alilichoma?"

"Aliogopa. Aliona gitaa litanipeleka mjini, asinione tena." Akafuta nyuzi kwa kitambaa. "Akalichoma, nikaenda mjini, hakuniona tena. Wewe, mdogo wangu, ulikuwa mtoto. Mimi ningeweza kurudi na kumsalimu baba, sikurudi. Haya inuka, unashika mdundo vibaya siku zote, kaa hapa nikufundishe."

Wasomaji wapenzi, nilikuwa nimeungama dhambi ile kwa padri zamani, na nilikuwa nimeondolewa. Lakini kuna deni ambalo lazima umrudishie mwenyewe mkononi. Usiku ule nililirudisha, nikakuta mwenyewe alikwisha kulisamehe tangu zamani.

Mwaka 2007 ndipo watu wa makambi ya Zambia walipoanza kurudishwa kwetu, nasi tulirudi. Yaya alipiga gitaa Pweto miaka michache, akafa mwaka 2010. Tulimzika kwa nyimbo za kanisa, na wavuvi wakaomba wapige moja yake. Padri akakubali.

Sasa nisikilizeni. Mwenda Jean Bosco alifariki katika ajali ya gari mwaka 1990, lakini vidole vyake vinasikika hata leo, kwa sababu mtu mmoja alifika na mashine. Pweto mashine haikufika. Nyimbo za ziwani alizotunga yaya zilikuwa nyingi. Mimi nimeshika tatu, na moja kati ya hizo sina mwisho wake. Nyingine amekwenda nazo kaburini. Na yeye si mmoja tu. Kila kijiji cha Katanga kilikuwa na mtu wa kopo na waya.

Leo vijana wetu wanapiga karindula kwa kelele njema, na kila mmoja ana simu mfukoni inayonasa sauti. Hugh Tracey alisafiri na mashine nzito juu ya gari. Ninyi mnayo ndogo kuliko kitabu cha sala. Nendeni kwa babu na bibi jioni ya leo, waambieni waimbe, mshike maneno na sauti. Na ninyi wazazi wenzangu, mtoto akileta nyumbani jambo msilolijua, kaeni naye kwanza mkalisikilize. Moto huwashwa kwa dakika moja, lakini njaa ya wimbo uliopotea haina bukari ya kuishibisha.

Mimi vidole vimekauka, lakini kila Jumamosi nawafundisha wajukuu wawili ule wimbo wa mvuvi. Mkubwa ameanza kupata mwendo wa kidole gumba. Mdogo bado anakohoza nyuzi kama mbuzi. Namwacha akohoe.